Kofia ya kroshia ya mtoto mchanga: pima duara la juu kwanza, mengine yatafuata

#1 FumaTaratibu

Habari za majukumu wanajamvi. Baridi ya Njombe imeshapiga hodi na simu yangu haitulii. Dada anataka mzula wa mtoto, wifi anataka kujifunza, jirani kanunua uzi na hajui aanzie wapi. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia kiungo.

Naongelea kofia ya mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake, isiyo na masikio wala maua. Anayejua kupiga cheni na pigo refu (lile la kuzungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuchoma) anaimaliza jioni moja.

Tuanze na kipimo, maana wengi wanakimbilia uzi. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina mzunguko wa sm 33 hadi 37, wengi wanaangukia 35. Kofia haitakiwi kulingana na kichwa. Iwe pungufu kwa sm 2 au 3 ili ishike, kwa sababu kitu cha kufuma kinavutika. Basi tunatafuta kofia ya sm 32 au 33. Gawa kwa 3.14, unapata sm 10 na ushee. Hicho ndicho kipenyo cha duara la juu, na hapo ndipo kofia inapoamuliwa. Duara likifika sm 10 unaacha kuongeza, unaanza kushuka. Hata hesabu ya mapigo ikikupotea, rula haipotei.

Vifaa: uzi laini wa akriliki, ule ambao karatasi yake imechorwa sindano ya mm 4. Sindano ya kroshia ya mm 4, namba imegongwa kwenye shina. Mkasi, sindano butu ya kufichia ncha, na kipande cha uzi wa rangi nyingine cha kuwekea alama. Kofia moja inakula gramu 30 hivi, kwa hiyo donge la gramu 100 linatoa tatu. Wenye zile sindano nyembamba za chuma za vitambaa vya makochi waziache kabatini. Kwa uzi huu kofia itatoka kavu na mtoto ataichukia.

Sasa kazi:

Zungushia uzi kidoleni ufanye pete inayovutika. Piga cheni 2 (hazihesabiwi), kisha mapigo marefu 12 ndani ya pete. Vuta ncha, tundu lijifunge kabisa. Unganisha na pigo la kwanza.

Mzunguko wa 2: cheni 2, mapigo mawili kila tundu. Jumla 24.

Wa 3: moja, mbili, moja, mbili, hadi mwisho. Jumla 36.

Wa 4: moja, moja, mbili. Jumla 48. Simama upime. Kipenyo kikiwa sm 9 au 9 na nusu uko sawa.

Wa 5: moja moja kwa matundu saba, la nane tia mawili. Jumla 54.

Wa 6 hadi wa 13: moja kila tundu, huongezi, hupunguzi. Kofia inaanza kukunja yenyewe na kushuka.

Wa 14: mapigo mafupi (unachoma moja kwa moja bila kuzungusha uzi kwanza) kuzunguka pindo ili lisilegee. Kata uzi, acha ncha ya kutosha, fichia kwa ndani ukienda na kurudi.

Kutoka katikati ya utosi hadi pindo iwe sm 13 au 14. Mkono wako ukiwa mzito au mwepesi idadi ya mizunguko itabadilika, fuata sentimita.

#2 BabaKijacho

Naweka kambi. Mke wangu anajifungua mwezi ujao na mimi ndiye mwenye muda wa jioni. Mwanaume akifuma kuna shida?

#3 ShangaziTena

@BabaKijacho mafundi cherehani mjini nusu ni wanaume na hakuna anayewauliza swali hilo. Fuma baba, mtoto haangalii ndevu.

#4 BoshoriYaLimuru

Dadangu asante sana. Huku Limuru Julai boshori ni lazima, hata mtu mzima anaivaa ndani ya nyumba. Niko na swali. Nimefuata video moja ya YouTube, nikahesabu kila kitu vile mwalimu anasema, lakini yangu imekuwa fupi sana, karibu nusu ya yake. Uzi ni ule ule, sindano ni ile ile. Nimekosea wapi?

#5 FumaTaratibu

@BoshoriYaLimuru mwalimu wako ni wa Marekani au Uingereza? Au ulisoma maelezo ya Mmarekani ukiwa umefundishwa na mtu wa mtindo wa Kiingereza?

Pigo refu, lile unalozungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuingiza, Mmarekani analiita double crochet. Mwingereza analiita treble, na kwake double crochet ni lile pigo fupi. Shule nyingi za masista na vitabu vya zamani huku kwetu vilifuata Uingereza, YouTube imejaa Wamarekani. Ukichanganya, idadi inatoka sawa na kimo kinatoka nusu. Angalia mkono wake, usisikilize jina: kama anazungusha uzi kabla ya kuchoma tunduni, ni refu.

#6 BoshoriYaLimuru

Wueh! Ndiyo hiyo. Yeye anazungusha, mimi nachoma tu moja kwa moja. Nafumua leo usiku.

#7 MkeWaChakeChake

Assalaam alaykum. Mie niko Pemba, joto letu mnalijua. Mwanangu kajifungua, yumo ndani ya arobaini, na mama mkwe hataki kumuona mtoto kichwa wazi hata dakika. Akriliki kwa huku si kumchemsha mtoto? Nataka ya pamba.

#8 FumaTaratibu

Waalaykum salaam mama. Pamba ndiyo yenyewe kwa pwani, inanyonya jasho na inapitisha hewa. Ila tabia yake ni nyingine. Haivutiki na kurudi vizuri, ikishalegea imelegea hadi uifue. Kwa hiyo kwa pamba usitegemee mvutiko ukuokoe, pima kichwa chenyewe kwa futi ya kamba, juu kidogo ya nyusi na masikio, kisha punguza sm 1 na nusu tu. Na chukua pamba ya kufumia nguo, siyo ile iliyosokotwa kwa kukaza ya vitambaa vya meza.

Tena kwa Pemba waweza kufuma kwa matundu: pigo refu, cheni moja, ruka tundu moja, pigo refu. Anza hivyo kuanzia mzunguko wa 6. Matundu yabaki madogo, kidole cha mtoto kisipenye.

#9 NesiWaZamu

Nimesoma yote, somo limekaa vizuri. Naomba niongeze kidogo kwa sababu niko wodi ya wazazi na kofia hizi nakutana nazo kila siku.

Kichwa cha mtoto mchanga ni sehemu kubwa ya mwili wake, karibu moja ya tano ya ngozi yote. Kwa mtu mzima ni karibu moja ya kumi na moja tu. Mtoto anatoka kwenye joto la mama akiwa ameloa, na dakika zile za kwanza anapoteza joto haraka. Ndiyo maana tunamkausha, tunamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, tunafunika mgongo na kumvika kofia. Joto lake linatakiwa liwe nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kumwogesha kunasubiri saa 24, hata bibi akinuna.

Kwa hiyo kofia ya kwenda nayo leba iwe imefuliwa na kukaushwa, iwe kavu kabisa, na ziwe mbili. Ya kwanza italoa.

Ila @MkeWaChakeChake, kwa mtoto aliyekwisha tulia nyumbani, kwenye joto la Pemba, mchana, ndani: mvueni. Mtoto anatoa joto la ziada kupitia kichwa na hajui kujivua. Madaktari wa watoto wa Marekani, mwongozo wao wa 2022, hawashauri kumvika mtoto kofia akiwa ndani ya nyumba, ukitoa saa zile za kwanza za maisha na wodi ya watoto njiti. Joto kupita kiasi ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Na kofia ikishuka puani akiwa amelala hakuna wa kuitoa.

#10 FumaTaratibu

Nesi nakuheshimu, lakini huo mwongozo uliandikwa na watu wenye nyumba za kupashwa joto kwa mitambo. Njoo Makete usiku wa Juni, nyumba ya bati isiyo na dari, halafu umwambie mama amvue mtoto kofia.

#11 NesiWaZamu

Una hoja, na sitaki mtu wa Makete aondoke hapa akidhani nimemkataza. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema mtoto mchanga avikwe nguo tabaka moja au mawili zaidi ya mtu mzima, pamoja na kofia, kulingana na hali ya hewa ya mahali alipo. Kulingana na hali ya hewa, hapo ndipo pa kushika. Mtoto wa Makete na wa Pemba hawavai sawa.

Kipimo changu si mikono wala miguu, hiyo mara nyingi ni ya baridi hata mtoto akiwa salama. Weka mkono kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho au pamepamba moto, punguza. Pakiwa pa baridi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi umfunike, usimalize blanketi zote juu yake. Kama usiku baridi inalazimisha kofia, iwe ya kukaa sawasawa isiyoshuka machoni, na mama awe karibu. Mtoto akibaki wa baridi hata baada ya kupashwa kifuani, au hanyonyi, huyo ni wa kuja kituoni, siyo wa kuongezewa kofia.

#12 MkeWaChakeChake

Nimekufahamu. Nitamsomea mama mkwe ujumbe wa nesi, wangu haukubali. Atakuwa na kofia ya kutokea nje na ya alfajiri, basi.

#13 BabaKijacho

Nimefika mzunguko wa 4. Nimeweka picha hapo juu. Nilitarajia duara lilale mezani, lakini ukingo umejikunja kama jani la kabichi. Mapigo yangu ni 57.

#14 FumaTaratibu

@BabaKijacho 57 badala ya 48, jibu umeliandika mwenyewe. Mahali fulani umetia mawili palipotakiwa moja, au lile tundu la kuunganishia umelihesabu kuwa pigo. Hapo ndipo panapowaponza wengi: ukiunganisha mzunguko, lile pigo la kuteleza linaacha kijitundu kinachofanana na tundu halisi. Usichome humo. Weka uzi wa alama kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko, ukirudi unajua umefika.

Kwa wote: ukingo ukijikunja mawimbi, mapigo yamezidi. Duara likiinuka na kuwa kikombe mapema, kwenye mzunguko wa 2 au 3, yamepungua au mkono unakaza. Mawimbi hayaishi kwa kuendelea kufuma, fumua hadi mahali hesabu ilipokuwa sahihi. Kikombe kidogo waweza kukivumilia, sindano ya mm 4.5 itakirekebisha.

Na kipenyo chako je?

#15 BabaKijacho

Nimefumua nikarudia. Sasa ni 48 na kipenyo sm 10 na nusu. Umesema iwe 9 na nusu. Nifumue tena?

#16 FumaTaratibu

Hapana! Mkono wako ni mlegevu au uzi wako ni mnene, haidhuru. Umeshafika kipenyo, kwa hiyo mzunguko wa 5 wa kuongeza ruka, shuka na hizo 48 hadi mwisho. Ndiyo maana nilianza na sentimita. Na anayebaki sm 8 kwenye mzunguko wa 4, yeye mzunguko wa 5 aongeze kamili: moja, moja, moja, mbili, apate 60.

#17 ShangaziTena

Mimi bila ua kubwa pembeni kofia sijaiona. Na vifungo viwili vya rangi. Na kamba za kufungia kidevuni isidondoke.

#18 NesiWaZamu

Shangazi, ua la kufuma lililoshonwa kuzunguka pande zote sawa. Vifungo hapana, kikichomoka kinaishia mdomoni. Kamba za kidevuni ndiyo kabisa usithubutu, zinapanda shingoni. Kofia yenye kipimo sahihi haihitaji kamba. Kofia inayohitaji kamba ni ndogo au ni fupi.

Jambo lingine watu hawaliwazii ni ncha za uzi zilizoachwa ndani. Uzi mmoja ukizunguka kidole cha mtoto unaweza kukata damu kufika kidoleni. Geuzeni kofia ndani nje, pitisheni mkono, kila kinachoning'inia kifichwe au kikatwe. Na uzi wenye manyoya marefu, ule wa kumeremeta meremeta, si wa mtoto mchanga. Unaingia puani.

#19 ShangaziTena

Haya mama, nimenyang'anywa vifungo. Ua naliweka.

#20 MamaTumaini

Habarini. Sisi akina mama wachache wa jumuiya tungependa kufuma kofia tukapeleke wodi ya watoto njiti ya hospitali yetu ya mkoa. Je, vipimo vya hapa tuvipunguze vipi? Na wanazihitaji kweli au tutawajazia kabati?

#21 NesiWaZamu

@MamaTumaini wanazihitaji, ila ulizeni kwanza kwa muuguzi kiongozi wa wodi. Kila wodi ina utaratibu wake wa kupokea na kufua.

Kwa nini zinahitajika: mtoto njiti siku hizi anatunzwa zaidi kifuani kwa mama kuliko ndani ya kasha la kupashia joto. Njia hii ya kangaroo ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipozidiwa na watoto na vifaa havitoshi. Mtoto anavaa nepi, soksi na kofia, mwili uliobaki unagusa ngozi ya mama. Ukiangalia nguo zake zote, kofia ndiyo inayofanya kazi kubwa. Utafiti uliotoka 2021 ulifuatilia watoto 3,211 wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu. Walioanza kubebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28, dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake, sasa wanaanza mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Vichwa: wa wiki 28 ni sm 25 au 26, wa wiki 32 ni sm 29 hivi. Kofia za saizi ya mtoto aliyetimiza miezi tunazo nyingi, wote wanaleta hizo kwa sababu ndizo zinazoonekana nzuri. Leteni ndogo. Zile ambazo ukiishika unajiuliza kama ni ya mwanasesere.

#22 FumaTaratibu

Hesabu za MamaTumaini, uzi ule ule na sindano ile ile:

Kichwa cha sm 29: ishia mzunguko wa 4, mapigo 48, shuka bila kuongeza, kimo sm 11.

Kichwa cha sm 26: mzunguko wa 3 una 36. Wa 4 piga moja moja kwa matundu matano, la sita mawili, jumla 42. Shuka, kimo sm 10.

Uzi uwe laini kupita wote mlio nao. Usugue kwenye shavu au ndani ya kiwiko, ukikuwasha wewe usimpelekee yule. Na pete ya kuvuta iachieni ncha ndefu, ificheni kwa kuzunguka mara mbili. Hizi kofia zitafuliwa mara nyingi kwa maji ya moto, na pete yenye ncha fupi hufunguka katikati ya utosi.

Fungeni kwa mafungu, kila fungu na saizi yake imeandikwa kwa sm. Muuguzi wa usiku hana muda wa kupima.

#23 BibiWaSindanoMbili

Wajukuu, mnahangaika na kroshia. Kofia ya mtoto ni ya sindano mbili. Inavutika, ni nyepesi, haina matundu ya upepo. Nimefumia watoto wangu wote na wajukuu kwa sindano mbili.

#24 FumaTaratibu

Shikamoo bibi. Kwa mvutiko sibishani, sindano mbili zimeshinda, na ubavu wa kukunja pindoni unakaa kichwani vizuri zaidi. Nilichopendea kroshia ni kwamba ina kitanzi kimoja tu mkononi. Mtoto akilia unaiweka, ukirudi unaendelea, hakuna mapigo 60 yaliyoporomoka kwenye sindano. Kwa anayeanza na mwenye mtoto mgongoni hiyo ni kubwa. Bibi ufungulie somo lako tutakuja.

#25 BibiWaSindanoMbili

Marahaba. Mjukuu wangu akirudi ataniandikia.

#26 BabaKijacho

Imeisha! Picha ya pili hapo. Mzunguko wa 14 umekaza kidogo, lakini nimejaribishia kwenye chungwa kubwa imekaa. Mke kacheka, kisha akaificha kwenye begi la hospitali kabla sijabadilisha mawazo. Nifue vipi? Nipige pasi?

#27 FumaTaratibu

Hongera mkuu, imenyooka. Pasi usiiguse. Akriliki ni plastiki, ikipata joto la pasi inalala na kung'aa, na mvutiko hauurudishi tena. Fua kwa sabuni isiyo na manukato makali, suuza sana, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, ianike imelala bapa kivulini. Kisha fuma ya pili, nesi kasema ziwe mbili. Pindo likikaza, huo mzunguko wa 14 tumia sindano kubwa zaidi kwa nusu milimita.

Na mtu mzima anayeota moto jikoni amebeba mtoto: akriliki ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Karibu na moto wa kuni, vaeni pamba au sufu.

#28 BoshoriYaLimuru

Nimerudi. Round hii nimezungusha uzi kabla ya kuchoma, imetoka na kimo chake kabisa. Mtoto ni wa miezi mitatu lakini, ameshapita saizi yenu. Nipanue hadi ngapi?

#29 FumaTaratibu

Miezi mitatu kichwa kinakuwa sm 40 hivi. Toa 2 au 3, gawa kwa 3.14, duara lako liende hadi sm 12. Kimo sm 16. Mpime kwanza, watoto wa Limuru wanakula viazi kupitia kwa mama zao.

#30 ShangaziTena

Na soksi zake?

#31 FumaTaratibu

Soksi zina kisigino, shangazi. Fungua uzi mpya Jumamosi nikimaliza oda.